Kunasa na kupeleka matukio kwenye CICS: MQ, HTTP, foleni ya TS au kuanzisha muamala?

Una CICS, mfumo wa IBM wa kuendesha miamala kwenye meinfremu, inayosukuma miamala miaka nenda rudi, halafu watu wa biashara wanakuja wanataka kujua papo hapo kila uhamisho mkubwa wa pesa unapopita au kila oda inapofutwa. Kunasa lile tukio lenyewe sa hivi sio kazi kubwa, tangu CICS TS 4.1 ya mwaka 2009 uwezo huo umo ndani ya mfumo, unaeleza kwenye EVENTBINDING (maelezo ya kunasa tukio) unataka kunasa amri gani, kwa masharti gani, ubebe data ipi, na programu ya COBOL inabaki ilivyo bila hata kukompailiwa upya. Watu wanakwama kwenye hatua inayofuata. Tukio limenaswa, sasa liende wapi na kwa njia gani? CICS Explorer, zana ya kusanidi CICS, inakupa orodha ya adapta, yaani vipande vinavyolipeleka tukio linakokwenda, na zote zinaonekana zinafanya kazi ileile, kwa hiyo mtu anachagua ile anayoijua tayari, mambo yanaenda vizuri kwenye testi, halafu siku mtandao umekatika ndo anagundua kumbe alitakiwa aulize swali moja kwanza: hili tukio likipotea nani anaumia?

Hapa naziweka njia zote pembeni kwa pembeni ili ujibu hilo swali kabla ya prodakisheni.

Vigezo nitakavyovitumia

Kila njia naipima kwa mambo matano yaleyale. Uhakika, yaani tukio litafika kweli hata kitu kikianguka katikati? Mzigo, yaani muamala wa mteja unalipa kiasi gani cha muda? Kuweka, yaani unahitaji kuandaa nini na kumwomba nani. Ikiharibika, yaani utaonaje na utafanyaje. Na mwisho inamfaa nani.

Ila kabla ya adapta kuna maamuzi mawili yanayokuja mbele, na ukiyaruka ulinganisho wote unayumba.

Kwanza: unanasa wapi?

Njia moja ni kunasa kwenye amri za EXEC CICS zilizopo tayari. WRITE FILE, REWRITE, LINK PROGRAM, START, PUT CONTAINER, SEND MAP na nyingine nyingi, pia kuna PROGRAM INIT inayonasa programu inapoanza, ambayo inasaidia sana pale programu ya kwanza ya muamala haikuitwa kwa LINK. Unachuja kwa jina la muamala, programu, mtumiaji, au kwa data yenyewe iliyomo kwenye rekodi, mfano kiasi kizidi kiwango fulani. Uzuri wake humsumbui developa. Ubaya wake una sehemu mbili. CICS inaona amri za CICS tu, kwa hiyo kama badiliko lenyewe linafanyika kwa EXEC SQL moja kwa moja kwenye Db2 huwezi kulinasa pale, inabidi utafute amri ya CICS iliyo jirani nalo. La pili linauma zaidi: masharti yako na data unayobeba vinategemea mpangilio wa copybook, yaani maelezo ya COBOL ya sehemu za rekodi. Siku mtu anaongeza sehemu mpya katikati ya rekodi na wewe hujaileta upya kwenye Explorer, CICS itaendelea kusoma baiti zilezile za zamani bila kulalamika, utapata matukio yenye data ya uongo, au hupati kabisa kwa sababu sharti halitimii tena. Hakuna ujumbe wa kosa hapo kwa sababu kwa CICS hakuna kosa. Kwa hiyo mabadiliko ya copybook lazima yawe na mtu wa kukumbusha kwamba kuna event binding inaitegemea.

Njia ya pili ni SIGNAL EVENT ndani ya programu. Developa anaandika amri, anatoa jina la tukio lisilozidi herufi 32, anaambatanisha data kwa FROM au channel. Hapa unafungua programu, unakompaili, unatesti, lakini unapata tukio lenye maana ya kibiashara palepale linapotokea, hata kama kazi yote ni ya SQL. Na kama hakuna anayelisikiliza, yaani hakuna capture specification (maelezo ya nini kinaswe) iliyowashwa inayolingana nalo, programu inapita tu kwa gharama ndogo. Ukiniuliza mimi, programu mpya au inayofunguliwa kwa sababu nyingine ningeweka SIGNAL EVENT bila kusita, na programu ya zamani ambayo hakuna anayetaka kuigusa ningenasa kwenye amri.

Kwa watu wa operesheni kuna pia matukio ya mfumo, yalikuja na 4.2: faili kufunguliwa au kufungwa, muunganisho wa Db2 kukatika, idadi ya taski kufika kiwango ulichopanga, muamala kuabendi (kukatika kwa kosa) bila kushughulikiwa. Hayo hayana mjadala mrefu, yawashe ukiyahitaji.

Pili: tukio litoke kwa namna gani?

Hapa ndo naomba usome taratibu maana ndo moyo wa jambo lote.

Kawaida tukio linatoka kiasinkroni. Muamala unanasa, unaacha tukio kwenye foleni ya ndani ya rijoni (CICS moja inayoendeshwa), unaendelea na safari yake, kisha taski nyingine inalichukua na kulikabidhi kwa adapta. Mteja hasubiri. Lakini ile foleni iko kwenye memori, rijoni ikianguka kati ya kunasa na kutoa, tukio limekwenda, hata kama muamala wenyewe ulishakomiti (ulishathibitisha mabadiliko yake) na pesa zimeshahama. Na adapta ikishindwa kutoa, CICS inaandika ujumbe na kuhesabu tukio lililopotea, haikurudishii.

Namna nyingine, iliyokuja pia na 4.2, ni sinkroni. Tukio linatolewa ndani ya muamala uleule, wakati wa sinkpointi (pale muamala unapokomiti), na likishindwa kutoka basi kazi yote ya muamala inarudishwa nyuma. Huwezi kuwa na uhamisho uliokomiti bila tukio lake. Inapendeza sana kwa mkaguzi, lakini jiulize kwa dhati: uko tayari mteja akataliwe kwa sababu foleni ya matukio imejaa? Kwa tukio la kisheria jibu linaweza kuwa ndiyo, kwa tukio la kuhesabu wateja wangapi wameangalia salio jibu ni hapana kabisa.

Katikati yake kuna chaguo la matukio kuwa ya kimuamala au la. Ukiweka ya kimuamala, tukio linasubiri hadi muamala ukomiti na ukirudi nyuma tukio linatupwa. Usipoweka, linatoka hata muamala ukishindwa. Watu wengi wanadhani la kwanza ndo sahihi siku zote, lakini kama unafuatilia majaribio ya udanganyifu basi yale yaliyoshindwa ndo unayoyataka hasa.

Sasa adapta zenyewe.

Foleni ya MQ

Uhakika: MQ, programu ya IBM ya kupitisha ujumbe kwa foleni, ndo njia yenye msimamo kuliko zote kwa kutoa tukio nje ya meinfremu. Ujumbe ukiwekwa kuwa wa kudumu unaandikwa kwenye logi ya MQ, queue manager (seva ya MQ) ikizimwa na kuwashwa ujumbe upo. Mpokeaji akiwa chini wiki nzima, foleni inamsubiri. Ukiunganisha na utoaji wa sinkroni, kuweka ujumbe na kubadilisha data vinakomiti pamoja.
Mzigo: kwenye asinkroni mteja hahisi. Kwenye sinkroni muda wa kuweka ujumbe unaingia kwenye muda wa majibu wa muamala, na ujumbe wa kudumu una gharama ya kuandika logi, kwa hiyo pima kwenye mzigo halisi, usipime usiku ambapo hakuna watu.
Kuweka: lazima rijoni iwe imeunganishwa na queue manager kwa MQCONN, foleni iwepo, na mtumiaji anayetumika awe na ruhusa ya kuiandikia. Kama foleni iko mbali unahitaji pia chaneli na foleni ya kupitishia. Maana yake unazungumza na timu ya MQ, na kwenye sehemu nyingi hiyo pekee ni wiki kadhaa.
Ikiharibika: unaona haraka, kina cha foleni kinapanda na timu ya MQ ina alamu zake tayari. Hatari ni foleni kufika MAXDEPTH yake (kikomo cha jumbe) au page set (hifadhi ya MQ kwenye diski) kujaa kwa sababu msomaji amelala, na kwenye sinkroni hapo ndo miamala inaanza kurudishwa nyuma.
Inamfaa: mwenye matukio yanayotakiwa kufika, wapokeaji walio nje ya CICS, na MQ ambayo tayari inaendeshwa na watu wanaoijua.

HTTP

Uhakika: mdogo kuliko MQ, tuseme wazi. Tukio linatumwa kama ombi kwenda kwenye seva, seva ikiwa chini au mtandao umekatika hakuna pa kulihifadhi lisubiri. Hakuna foleni katikati. Hili halimaanishi ni njia mbaya, matukio mengi sana thamani yake ni ya dakika hiyohiyo, na likipotea moja kati ya maelfu picha kwenye dashibodi haibadiliki.
Mzigo: asinkroni hakuna shida kwa mteja, lakini seva ikiwa nzito matukio yanarundikana ndani ya rijoni yakisubiri zamu, na mrundikano huo uko kwenye memori yako wewe, sio ya mwenye seva.
Kuweka: hapa HTTP inashinda. Unatengeneza URIMAP (maelezo ya anwani) yenye USAGE(CLIENT) inayoelekeza kwenye seva, ukitaka TLS unaiweka hapohapo, unaitaja kwenye adapta, basi. Mpokeaji anahitaji tu kusikiliza POST. Lakini angalia fomati, zile zinazotolewa tayari ni za XML na zilitengenezwa kwa kufuata bidhaa maalum za kupokea matukio, kwa hiyo kama timu ya upande wa pili inasubiri JSON ya kwao wanavyotaka, kaeni chini mapema mkubaliane nani anabadilisha.
Ikiharibika: unategemea jumbe za CICS na takwimu za matukio yaliyopotea. Kama hakuna anayezisoma hutajua. Mpokeaji naye hawezi kujua amekosa nini kwa sababu hakikufika.
Inamfaa: dashibodi, tahadhari za haraka, majaribio ya kuonyesha uongozi kwamba jambo linawezekana, na mazingira ambayo hayana MQ kabisa.

Foleni ya TS

Hii ni foleni ya hifadhi ya muda (temporary storage) ndani ya CICS, wengi wanaidharau na mi naona hawaitendei haki.

Uhakika: inategemea kabisa ulivyoiweka. Foleni ikiwa kwenye memori, rijoni ikizimwa imekwenda. Ikiwa ya auxiliary (kwenye diski) na TSMODEL (maelezo ya tabia ya foleni) inasema RECOVERY(YES), inarejeshwa na inafuata komiti ya muamala. Ukitaka rijoni kadhaa zishiriki foleni moja kupitia coupling facility (memori ya pamoja ya meinfremu) unaweza, lakini foleni za kushiriki hazirejesheki kimuamala, kwa hiyo huwezi kupata vyote viwili, chagua kimoja.
Mzigo: mdogo, kila kitu kiko ndani ya CICS.
Kuweka: rahisi kuliko zote. Taja jina la foleni lisilozidi herufi 16, weka TSMODEL kama unataka tabia maalum, umemaliza. Humwombi mtu yeyote nje ya timu yako. Fomati ya CFE (CICS Flattened Event) inakuja kama sehemu zilizopangwa kwa urefu maalum, programu ya COBOL inaisoma kwa copybook bila kuhangaika na XML.
Ikiharibika: foleni moja haizidi vipengele 32,767. Ukisahau kuisafisha inajaa, au inakula nafasi ya TS ambayo programu nyingine za biashara zinaitegemea, na hapo tukio la kuangalia mambo linageuka kuwa chanzo cha tatizo la wateja. Lazima uwe na programu inayosoma na kufuta. Kwa upande mwingine ni rahisi mno kuchungulia, unaandika CEBR na jina la foleni unaona matukio yako moja baada ya jingine.
Inamfaa: anayeanza, anayetesti masharti ya kunasa kabla ya kuunganisha na dunia, na mwenye mpokeaji aliye ndani ya CICS anayesoma kwa makundi kila baada ya muda.

Kuanzisha muamala

Uhakika: CICS inaanzisha muamala mwingine na kuupa tukio kwenye kontena, DFHEP.CONTEXT, DFHEP.DESCRIPTOR na DFHEP.DATA.00001 na kuendelea kwa kila kipande cha data. Ukishaanza, uhakika unaobaki ni wa programu yako mwenyewe, umeandika vizuri utakuwa vizuri.
Mzigo: kila tukio ni taski mpya. Matukio kumi kwa dakika hakuna neno, lakini ukinasa kila WRITE FILE kwenye mfumo wenye kazi nzito umeongeza taski nyingi kwenye rijoni ileile inayohudumia wateja, na kikomo cha MXT (idadi ya taski zinazoendeshwa kwa pamoja) ni kimoja kwa wote. Weka muamala huo kwenye TRANCLASS (kundi la miamala) yake yenye kikomo, au upeleke rijoni nyingine.
Kuweka: unaandika programu, unafafanua muamala, unahakikisha usalama wake. Kwa timu ya COBOL hii ni kazi ya kawaida kabisa.
Ikiharibika: unaona abendi kama abendi nyingine zozote, vifaa vyako vya kila siku vya kutafuta kosa vinafanya kazi.
Inamfaa: anayetaka kuchukua hatua ndani ya CICS yenyewe bila kugusa programu ya zamani, mfano kusimamisha akaunti ikaguliwe, kuandika rekodi ya ufuatiliaji, au kuongeza taarifa kutoka faili lingine kabla ya kupeleka mbele.

Adapta ya kujiandikia

Nitaipitia kwa kifupi kwa sababu vigezo vyote vitano jibu lake ni moja: inategemea utakachoandika. Unapokea kontena zilezile, unatoa fomati yoyote, unapeleka popote. Uhuru kamili na matengenezo kamili. Inamfaa timu yenye fomati ya lazima, kama ile JSON niliyoisema, na yenye mtu atakayekuwepo miaka ijayo kuitunza.

Kuelekeza sehemu zaidi ya moja

Toleo la 4.1 adapta ilikaa ndani ya event binding. Kuanzia 4.2 inaweza kusimama peke yake kama EPADAPTER, kwa hiyo binding kumi zinatumia adapta moja na ukihamisha foleni unabadilisha sehemu moja tu. 5.1 ikaleta EPADAPTERSET, tukio moja linakwenda kwa adapta kadhaa kwa mpigo. Hili linabadilisha mjadala mzima maana hulazimiki kuchagua moja: MQ kwa ajili ya kumbukumbu ya kudumu, HTTP kwa ajili ya dashibodi, kutoka tukio lilelile lililonaswa mara moja. Ila angalia usiitumie kama njia ya kukwepa uamuzi, kila adapta unayoongeza ni kazi nyingine kwa kila tukio na ni kitu kingine cha kuangalia kikianguka.

Hivi vyote vinasafiri ndani ya BUNDLE (kifurushi cha rasilimali za CICS), uki-install CICS inavitengeneza yenyewe. Na ukitaka kuzima kila kitu ghafla kuna SET EVENTPROCESS, DRAIN inaacha yaliyonaswa yamalizike na STOPPED inakata palepale. Waonyeshe opereta wa zamu kabla siku haijafika.

Kwa hali yako

Tukio likipotea kuna sheria inavunjwa au hesabu hazikubaliani: MQ, ujumbe wa kudumu, sinkroni, na mkubaliane na wenye biashara kwa maandishi kwamba MQ ikianguka miamala hiyo itasimama. Kama hawakubali kusimama basi hawahitaji uhakika huo, rudini kwenye asinkroni ya kimuamala na muwe na ripoti ya usiku ya kulinganisha matukio na rekodi halisi.

Tukio likipotea hakuna anayeumia lakini likichelewa halina maana: HTTP asinkroni, au MQ isiyo ya kudumu kama tayari unayo.

Hatua inachukuliwa ndani ya CICS: kuanzisha muamala, na TRANCLASS usiisahau.

Hujui bado, unataka tu kuona kama masharti yako yananasa kinachotakiwa: foleni ya TS kwenye rijoni ya testi, endesha kazi ya kawaida ya siku, fungua CEBR, hesabu. Matukio yakija mengi kuliko ulivyodhani kaza masharti sasa hivi, kwa sababu adapta yoyote utakayochagua baadaye itabeba mzigo huohuo.

Huna ruhusa ya kugusa programu wala timu ya MQ haina nafasi mwezi huu: anza na TS na EPADAPTER inayojitegemea, wakipata nafasi unabadilisha adapta tu na binding zako zinabaki zilivyo.